Breki za diski za waya: mwongozo kwa fundi anayeanza

Kabla mteja hajatoa pesa ya kufungiwa breki za diski kwenye baiskeli yake, kagua foki upande wa kushoto, fremu karibu na ekseli ya nyuma, na habu zenyewe, yaani vitovu vya magurudumu. Foki na fremu za diski zina masikio ya kufungia kalipa, kile kibanio chenye pedi zinazobana diski. Habu ina matundu 6 ya bolti au meno ya diski inayoshikwa na nati moja. Baiskeli za Black Mamba za kubebea mizigo hapa Kisumu hazina hayo. Fundi wa kuchomelea atakwambia sikio ni kazi ya dakika chache. Kataa. Breki ya diski hubebesha mguu mmoja wa foki nguvu yote ya kusimamisha gurudumu, na bomba lile jembamba halikuundwa kwa mzigo huo. Likikatika, litakatika mtu akishuka kilima cha Riat.

Pima umbali kati ya matundu ya masikio. Yakiwa milimita 74, kalipa hufungwa moja kwa moja, mradi diski ni ya kipimo cha fremu hiyo. Yakiwa milimita 51, yametobolewa kutoka ubavuni, unahitaji adapta, kipande cha kuunganisha kalipa na masikio. Angalia imeandikwa ya mbele au ya nyuma: adapta ya mbele ya diski ya milimita 160 ukiifunga nyuma, kalipa itashuka hadi mahali pa diski ya 140, na diski yako itagonga chuma. Mkono wa breki nao ulingane na kalipa. Kalipa nyingi za baiskeli za mlimani zinataka mkono wa V-breki (breki za mipira inayobana rimu), unaovuta waya mwingi. Ukiweka unaovuta kidogo, utagusa usukani kabla breki haijashika, na hakuna marekebisho yatakayokuokoa.

Diski ifungwe mshale ukielekea gurudumu linakozungukia. Ingiza bolti zote 6 kwa mkono kwanza, halafu kaza kwa spana ya nyota T25, bolti moja kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo. Fuata Nm, yaani kipimo cha nguvu ya kukazia, zilizochapwa kwenye diski. Usishike uso wake kwa vidole vyenye grisi. Pangusa kwa alkoholi tupu ya isopropili. Spiriti ya duka la dawa wakati mwingine imetiwa mafuta ya nyonyo, nayo itakuharibia pedi. Oili chafu ya injini inayomwagwa kwenye cheni hurukia diski ya nyuma vilevile. Pedi iliyokwisha kulowa, itupe.

Kazi yenyewe iko kwenye kalipa. Kaza gurudumu baiskeli ikiwa imesimama kwa matairi yake, ekseli ikae vizuri. Kava la waya liwe la breki, milimita 5. La gia hupasuka breki ikibanwa kwa nguvu. Wenzo mdogo wa kalipa, ule unaovutwa na waya, uachie urudi nyuma kabisa, nyoosha waya kwa mkono, kisha ukaze. Usiuvute wenzo ili pedi zisogee. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu breki huonekana kali siku hiyo. Wenzo ukishaanza safari nusu njia, pedi zikilika kidogo tu unafika mwisho wake na breki inapotea.

Sasa legeza bolti mbili za kalipa, bana mkono wa breki uushikilie, na uzikaze kwa zamu kwa spana ya L ya milimita 5, robo mzunguko kila upande, hadi Nm 6 hadi 8. Ukikaza moja yote kwa mkupuo, inaizungusha kalipa na diski inasugua. Kwenye kalipa ya pistoni moja, pedi ya nje ndiyo inayosogea. Huipinda diski hadi iguse ya ndani. Kwa hiyo zungusha kitufe cha kalipa cha upande wa ndani usogeze pedi hiyo ya ndani karibu na diski iwezekanavyo bila kusugua. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa: lazima uone mwanga pande zote mbili.

Pedi mpya hazishiki vizuri mwanzoni. Kwenye barabara tambarare, punguza mwendo kwa nguvu mara 20 hivi bila kufunga gurudumu. Baada ya siku chache kaza bolti tena na nyoosha waya uliolegea. Pedi zikilika, sogeza pedi zenyewe kwa vitufe vyake kama kalipa inavyo, usikimbilie waya. Ukikuta ya nje imekwisha na ya ndani ingali nene, hakuna aliyegusa kitufe cha ndani tangu breki ilipofungwa.