Muuza mbao ukitaka siasa, anza na daftari

Mimi ni muuza mbao, na ule mwaka niliogombea udiwani nilichukua hela ya lori zima la mbili kwa nne kutoka Mafinga nikamkabidhi jamaa yangu azungushe kwenye kampeni, sikuandika popote, yeye ndo kabisaa, nikaambulia kura 11 na banda likabaki na misumari.

Juzi nikawa nasoma habari za Isaac Stephenson nikacheka peke yangu, maana huyu mzee ni mimi, ila yeye wa madola. Kazaliwa New Brunswick, Canada, 1829, kaingia msituni bado dogo, baadae akawa tajiri wa viwanda vya kupasua mbao pale Marinette, jimbo la Wisconsin, Marekani. Hata ule moto wa Peshtigo wa Oktoba 1871, uliotokea hapo jirani tu, ukaua zaidi ya watu elfu moja na kuunguza kiwanda cha kampuni aliyokuwa na hisa, bado haukummaliza.

Kilichomchafua ni kura.

Wanasiasa walimjua kama mfuko, alimbeba sana La Follette, mwanasiasa mkubwa wa Wisconsin, kwa hela zake mpaka wakaja kukorofishana. Useneta kaupata 1907, ana miaka 77 (sisi tunasema tumechelewa!). Mwaka 1908 kwenye kura za maoni zikamtoka dola 107,793. Mshahara wa seneta kipindi hicho ulikuwa dola 7,500 kwa mwaka, muhula miaka sita, yaani 45,000. Piga hesabu mwenyewe kama unavyopiga ya kenchi za paa. Halafu hela zenyewe kawapa wasimamizi wa kampeni wakazitembeza bila maelezo ya kueleweka, Seneti ikamchunguza, kaponea chupuchupu kuvuliwa useneta 1912.

Sasa yeye alikuwa nazo za kupoteza, wewe na mimi hatuna. Kwahiyo hela ya siasa itoe kwenye faida tu, mzunguko wa banda usiuguse hata wakuambie zimebaki siku mbili, na kabla hujachukua fomu mwambie mwenza wako kiasi ambacho hutavuka, mbele yake utaona aibu kuongeza. Na kila anayepokea asaini, hata kama ni mtoto wa shangazi.

Yule jamaa yangu bado tunasalimiana. Wiki iliyopita kaja kuomba mbao za kupaulia kwa mkopo. Nimempa, ila kasaini.