Jibu: Mkubwa anahusikaje wakati hakuwemo chumbani?

Salaam ndugu yangu wa Uyole. Umekwama kwenye mdahalo: wafungwa wa gereza la Abu Ghraib, Iraki, waliteswa na askari wadogo wa Marekani, sasa viongozi wana kosa gani?

Nimewanoa vijana hapa Iringa kwa mada hiihii. Wengi huanza na zile picha za mateso, wakaishia hapo. Wewe anza na karatasi. Tarehe 2 Desemba 2002 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, aliidhinisha mbinu za kuwahoji wafungwa wa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kisiwani Kuba: kuvuliwa nguo, kutishwa kwa mbwa, kusimamishwa hadi saa nne mfululizo. Pembeni akaandika kwa mkono kwamba yeye husimama saa 8 hadi 10 kwa siku, kwa nini wafungwa iwe 4 tu! Msomee jaji mstari huo polepole. Aliifuta ruhusa hiyo Januari 2003, lakini mbinu hizo baadaye zilifika hadi Iraki.

Mpinzani atasema Marekani haimo kwenye Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) unaowawajibisha wakubwa kwa makosa ya askari wao. Mjibu kwa Yamashita: Wamarekani wenyewe walimnyonga jenerali huyo wa Japani mwaka 1946 kwa kushindwa kuwadhibiti askari wake. Kwa Abu Ghraib, askari Charles Graner alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Janis Karpinski, jenerali wake, alishushwa cheo, hakufungwa.