Hela ya Matangazo Isiwe Mshahara Wako

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Dada, chaneli yangu imekubaliwa kuwekewa matangazo YouTube. Niache kazi sasa nikomae na video?" Nilimjibu usiku uleule: subiri kwanza. Lakini swali lake limening'ang'ania, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaota hilohilo: kuishi kwa video zenu wenyewe, bila bosi, bila kubembeleza kituo cha televisheni kiwape dakika tano. Mimi naishi hivyo, kwa chaneli ya kufundisha ufundi wa cherehani. Na mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, michango ya wanachama wangu imeipita hela ya matangazo kwa mbali. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Tuanze na hesabu. Kwa video ndefu YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo; kwa Shorts, zile video fupifupi, ni asilimia 45 ya fungu analogawiwa. Ili uingie kwenye mgao huo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000, na juu yake saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo unajiona umemaliza. Ila kumbuka masharti hayo yanabadilika bila wewe kuulizwa. Januari 2018 yalikazwa, na chaneli nyingi ndogo zilizokuwa zikilipwa zikaondolewa kwenye mgao. Mwaka mmoja kabla, makampuni makubwa yalisitisha matangazo yao YouTube baada ya kuyakuta kwenye video za chuki, na walioumia ni pamoja na watu ambao hawakuwa wamemtukana yeyote. Hata katika mwaka wa amani, bei ya matangazo hupanda mwishoni mwa mwaka makampuni yanapomalizia bajeti, kisha Januari huporomoka. Video ni ileile, watazamaji ni walewale, hela nusu. Utapangaje maisha kwa mshahara wa namna hiyo?

Mimi somo hili nililipata kwa machungu. Wakati chaneli yangu inaanza kukua, kampuni moja ya kusimamia chaneli ilinifuata na maneno matamu: wataniletea wadhamini, watanitetea kwenye mambo ya hakimiliki, watanikutanisha na wenzangu. Kwa utaratibu wao, hela ilitoka YouTube ikaingia kwao kwanza, wakakata fungu lao, ndipo wanitumie iliyobaki. Wadhamini sikuwaona. Kwenye taarifa ya malipo ukazuka mstari umeandikwa "makato mengineyo", na kila mwezi ukanenepa. Niliuliza kwa adabu. Nikauliza tena kwa ukali. Mwishowe barua pepe zangu zikaanza kurudi, anwani haipo. Jasho la miezi likapotea hivyohivyo, na hadi leo sijalipwa. Nikikumbuka bado moyo unaniuma, sitawadanganya. Wala sikuwa peke yangu duniani: Defy Media ya Marekani ilipofunga milango Novemba 2018, watengeneza video waliokuwa chini yake walibaki wakidai hela zao.

Kwa hiyo nikaamua: hela ya mtazamaji inifikie kwa njia fupi kabisa. Nilianza na orodha ya barua pepe. Kiungo chake ni cha kwanza chini ya kila video, na ninakitaja katikati ya video, kwa sababu mwishoni wengi wameshaondoka. Jukwaa likinifungia kesho, orodha ile ninayo. Kisha nikafungua uanachama wa kulipia. Njia hii ina mizizi: Patreon, tovuti ambako mashabiki humlipa msanii moja kwa moja, ilianzishwa 2013, na mmoja wa waanzilishi wake, Jack Conte, ni mwanamuziki aliyechoka kuona kazi ngumu ikimletea hela ndogo ya matangazo. CollegeHumor nayo, kampuni ya Marekani ya video za vichekesho, Januari 2020 wafanyakazi wake zaidi ya 100 waliachishwa kazi. Sam Reich, mmoja wa wakuu wake, akainunua, akaegemea Dropout, huduma yake ya kulipia, na ipo hadi leo.

Wanachama wangu hawanidai video za ziada kila wiki. Wanachokipenda ni kikao cha moja kwa moja cha kila mwezi. Mtu anasogeza simu hadi kwenye bobini, naona uzi umezungushwa kinyume, namwambia autoe, auzungushe upya, akanyage pedali taratibu, na mshono unanyooka wote tukiwa tunatazama. Mtu wa namna hiyo haondoki. Jamani, watazameni watu wenu usoni! Mnahangaika na namba za wapita njia huku waliokuja kwa mapenzi hamjui hata majina yao.

Jambo jingine ni sauti. Niliwahi kumhoji fundi mmoja hodari, redio inapiga muziki nyuma yake. Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za watu zilizotumika kwenye video, ukautambua wimbo, na mapato ya video nzima yakaenda kwa mwenye wimbo. Hayo ni madai tu. Onyo la hakimiliki, linalokuja mwenye kazi akiomba video yako iondolewe, ni zito zaidi, na matatu ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia chaneli. Zima redio. Tunza leseni za muziki. Video zako halisi zihifadhi kwenye diski yako.

Kuhusu wadhamini, nusu ya malipo iingie kabla hujawasha kamera. Mkataba utaje watarudisha video kwa marekebisho mara ngapi, na sura yako wataitumia kwenye matangazo yao kwa muda gani. Mdhamini anayekasirika ukiomba maandishi, mwache aende.

Basi mdogo wangu, kazi usiiache mpaka michango ya wanachama, bila matangazo, ilipe kodi yako na intaneti miezi sita mfululizo. Orodha ya barua pepe ianze wiki hii, hata kama watajiunga watu wachache. Na mdhamini wa kwanza akikuletea mkataba, nitumie kabla hujatia saini, nitausoma wote.