Maswali ya Wasomaji: Kutoka Maandamano Hadi Upatanishi

SWALI: Habari zenu wahariri. Niko mwaka wa tatu chuoni hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Nimeongoza maandamano ya ada mara mbili, lakini sasa moyo wangu uko kwenye upatanishi, na natamani siku moja niifanye kazi hiyo hata nje ya nchi. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye ugomvi wa mashamba. Watu waliporudi kutoka kambini walikokimbilia vita vya waasi wa LRA, kuanzia 2006, wazee wengi waliojua mipaka walikuwa wameshafariki, na kesi hizo ziko karibu nawe kila siku. Muombe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au mzee wa ukoo ukae kando yao usikilize, miezi kadhaa, bila kusema neno.

Kinachowakwamisha wanafunzi wengi ni mazoea ya kipaza sauti. Kwenye maandamano unasimama na upande mmoja. Kwa mpatanishi, siku upande wa pili ukisikia umewasema hadharani, kazi imekwisha. Kwa hiyo wasikilize kila upande nyumbani kwao, peke yao, angalau mara mbili kabla ya kuwakutanisha. Halafu tembeeni kwenye mpaka wote wa shamba pamoja na majirani, mkitazama alama zake: kichuguu, kijito, mti wa zamani. Pandeni miti kwenye kona siku hiyo hiyo. Andikeni makubaliano nakala 3, kila upande yake na moja kwa LC1, kwa lugha wanayoisoma wenyewe. Rudi baada ya mwezi mmoja, kwa sababu mengi huvunjika pale mtoto wa kiume aliyekuwa mjini anaporudi na kusema hakuulizwa.

Jifunze pia mato oput, desturi ya Waacholi ya kupatanisha koo baada ya mauaji, kwa wazee wenyewe. Watu huishika ile sehemu ya kibuyu: wawakilishi wa koo mbili wanainama pamoja na kunywa maji machungu ya mzizi wa mti wa oput. Lakini kabla ya kibuyu lazima ukweli usemwe na fidia ikubaliwe. Ukiruka hayo mawili, umefanya maonyesho tu.

Somo kubwa zaidi liko hapo hapo kwenu. Betty Bigombe, aliyekuwa waziri wa serikali, alikutana na Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, uso kwa uso mwaka 1994, na mazungumzo yakakaribia kufaulu. Februari serikali ikawapa waasi siku 7 wajisalimishe, yakavunjika. Imani ya miezi kadhaa ilipotea kwa makataa ya wiki moja. Baadaye Bigombe alifanya kazi Benki ya Dunia, kisha akarudi kupatanisha tena 2004. Njia yake ya kimataifa ilianzia Gulu.

Kuhusu masomo, Makerere ina Kituo cha Amani cha Rotary chenye stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Wanataka shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka 5, na maombi kwa kawaida hufungwa 15 Mei. Weka basi daftari kuanzia sasa: tarehe, aina ya mgogoro, ulichofanya, kilichoshindikana. Usiandike majina ya watu. Daftari likipotea, usiri wao unapotea nalo.

Na anza Kifaransa. Kiswahili chako kitakutosha kuongea na watu wa Bunia na Goma, mashariki mwa Kongo, ila barua na mikataba ya serikali huko huandikwa Kifaransa.