Kupima staili ya OOP kwa benchimaki: hesabu miito kabla ya sekunde

Mdogo wangu wa CIVE (koleji ya informatiki ya UDOM) uliyeuliza uchukue benchimaki gani (programu za kupimia) na profaila gani (zana ya kuangalia programu inavyokimbia) kwa projekti ya mwaka wa mwisho ya kupima staili ya OOP, yaani kuprogramu kwa klasi na objekti, mi nilifanya kitu cha hivyohivyo hapahapa Dodoma, ngoja nikupe nilichokiona.

Kuhesabu klasi na urithi kwenye kodi tupu achana nako. Mtu anaandika intafesi kila kona halafu programu ikikimbia kila mwito unaangukia klasi ileile moja, sasa hapo polimofizimu, yaani mwito mmoja kujibiwa na klasi tofauti, iko wapi? Pima hivi: kila mahali methodi inapoitwa, zimepita objekti za klasi ngapi tofauti. Hata HotSpot, ile mashine inayoendesha programu za Java, inaangalia hichohicho, kwa kawaida inakumbuka klasi mbili tu kwa kila mwito na zikizidi mara nyingi inabidi itafute methodi kwenye jedwali, na hiyo ni polepole zaidi, ndo maana namba hii ina uzito.

Benchimaki: kwenye SPECjvm98, seti ya zamani ya benchimaki za Java, kuna compress, ile ni C iliyovalishwa nguo za Java, lupu na arei mwanzo mwisho, usiitumie kama mfano wa OOP. Mi ningeanza na DaCapo, seti nyingine ya benchimaki za Java, ni ya bure, ilitoka 2006 na programu 11 ambazo watu walikuwa wanazitumia kweli, antlr, pmd, jython na wenzake.

Profaila ndo panapowapoteza wengi. Kodi ya OOP imejaa vimethodi vidogovidogo na JIT (kompaila inayofanya kazi programu ikiwa inakimbia) inavimeza ndani ya methodi inayoviita, kwa hiyo profaila ya kuchungulia kila baada ya muda inaweza isivione kabisa wakati ndivyo unavyovitafuta. Weka kaunta kwenye baitikodi yenyewe (kodi ya Java ikishakompailiwa), mi nilitumia ASM, laibrari ya kuhariri baitikodi. Itakuwa polepole sana, vumilia, ila usichukue muda wa mbio hizo ukauandika kama spidi ya programu. Na faida yake kubwa, joto la Oktoba hapa laptop inapunguza kasi sekunde zinarukaruka, lakini idadi ya miito kwa programu ya thredi moja inabaki karibu ileile kwenye mashine yoyote (lusearch ya DaCapo ina thredi nyingi, iache kwanza).

Halafu chuja klasi zinazoanza na java. kabla hujachora grafu yoyote, maana miito mingi itatoka HashMap na String, na hiyo ni staili ya walioandika JDK (laibrari za Java yenyewe) siyo ya programu unayoipima.