Shuka kuukuu lisikatwe haraka

Swali lenu la wiki hii, "Anayejifunza kushona aanze na mradi gani wa mashuka, foronya na mapazia ya zamani?", limenigusa pabaya. Najua mtapokea majibu mengi ya mifuko, aproni na vishikio vya sufuria. Mimi nasema aanze kwa kuweka mkasi chini na kujiuliza kama kitambaa hicho kweli kimemaliza kazi yake.

Shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolisugua kila usiku. Pembeni huwa bado zima kabisa. Marehemu shangazi yangu, aliyenifundisha cherehani, alikuwa akilipasua kwa urefu katikati, anaziunganisha kingo mbili za nje ziwe katikati, kisha anapiga pindo upya palipochakaa. Kingo za nje hazifumuki, kwa hiyo mshono wa kati hulala bapa na haukwaruzi mgongo. Shuka hupungua upana kidogo, basi. Uingereza, nguo zilipokuwa za mgao kuanzia 1941 hadi 1949, hivi ndivyo mashuka yalivyoongezewa maisha katika nyumba nyingi. Huo ndio mradi ningempa anayeanza: mishono mitatu mirefu iliyonyooka, na shuka linabaki shuka.

Kinachoniumiza ni kuona kitambaa kizuri kimetobolewa katikati ili kutoa kipande kimoja cha kupamba, halafu mabaki yote yanatupwa.

Shangazi alipofariki, tulifungua kabati lake. Chini kabisa palikuwa na kitambaa cha meza cha kitani cheupe, alichokitarizi mwenyewe maua ya buluu pembezoni. Sote tulikifahamu, ila hakuna aliyewahi kula juu yake. Binamu yangu akasema tukikate, kila mtu apate foronya ya mto wa kochi. Nilikataa kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili nyumba yenye msiba. Nilisema kazi ya miezi mingi haikatwi, itunzwe na mmoja wetu ikiwa nzima. Binamu akauliza, itunzwe kwa ajili ya nani? Sikumjibu. Tukashika pembe nne ili tukitazame vizuri, na kitambaa kikaachia kwenye mkunjo mmoja, kisha kwenye mwingine, bila yeyote kuvuta kwa nguvu.

Kumbe shangazi alikuwa akikitoa, anakifua, anakipiga pasi kwenye mikunjo ile ile, anakirudisha kabatini. Nyuzi za kitani hazinyumbuki sana; zikikunjwa kwa ukali mahali pamoja mara kwa mara huvunjika. Kati ya mkunjo na mkunjo kitambaa kilikuwa imara. Maua yalikuwa mazima, hata rangi haikupauka.

Tulikiloweka katika maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kukikamua, tukakianika kivulini kikiwa kimetandazwa. Kilipokauka tulikiinua dirishani: palipodhoofika mwanga ulipita kama kwenye chekecheo. Binamu akapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuzunguka kila sehemu nzima, kwa uzi mwekundu ili tuuone. Hapo tulibishana tena. Yeye alitaka miraba iliyo sawasawa, mimi nilitaka ua la pembeni lisikatwe hata jani moja. Tukakubaliana kipande kifuate ua, na penye upungufu tuongeze shuka lake la pamba. Shuka hilo hilo tulilishonea pia kwa nyuma, ili mvuto wa mshono usiangukie kitani peke yake. Tulitumia sindano nyembamba, namba 70, na tukaacha sentimita moja na nusu ya ukingo. Nilichagua kipande ambacho, ukikigeuza, unaona mahali shangazi alipoishiwa na uzi akaanza mwingine. Upande ule hakuwahi kumwonyesha mtu.

Ninapoyaandika haya, msimamo niliouanza nao umelegea. Kilichokiharibu kitambaa kile ni kutunzwa. Mkasi wa binamu ndio uliookoa kilichobaki. Na wanawake wa Bengali hupanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka, wakazishona pamoja kwa mishono midogo ya kupenya juu na chini wapate kantha, yaani tandiko la tabaka, wakati mwingine kwa uzi uliochomolewa kwenye pindo za sari zenyewe. Sidhani kuna anayeweza kusema sari zile zimedharauliwa.

Kwa hiyo jibu langu, tofauti na nilivyokusudia: kateni. Ila msikate shuka ambalo bado linaweza kugeuzwa likalaliwa. Kabla ya kukata, vuteni kitambaa kwa mikono miwili, kwa urefu na kwa upana. Kikilia au kikiachia, hakifai mkanda wa mfuko, hata kiwe kizuri vipi. Pazia likaguliwe upande uliokuwa ukielekea dirishani, kwa sababu jua hulila polepole na rangi ya upande wa ndani hudanganya. Vishikio vya sufuria vishonwe kwa pamba tupu, na taulo la pamba ndani yake, kwani poliesta huyeyuka kwenye moto. Foronya kuukuu ndiyo rahisi kuliko zote kugeuza mfuko, maana pande tatu zimeshashonwa.

Na kama kitambaa kimetariziwa na mtu ambaye bado yuko hai, mpelekeeni kwanza akione. Huenda akasema kisikatwe. Katika hilo bado niko upande wake, hata mikunjo ikivunjika.