Risasi ikizama kwenye gogo, nishati inaenda wapi?
Huenda unadhani nishati yote ya risasi inageuka kuwa mwendo wa gogo. Hapana, usihesabu nishati ya risasi kuwa sawa na ya gogo pale inapozama. Kisichopotea hapo ni momenta, yaani masi (kilo) mara kasi. Chukua risasi ya gramu 10 inayokwenda mita 400 kwa sekunde, na gogo la kilo 1.99 lililoning'inizwa kwa kamba. Momenta ni 0.01 × 400 = 4; gawa kwa kilo 2, vinaondoka pamoja kwa mita 2 kwa sekunde. Sasa angalia nishati mwendo: kabla jouli 800, baada ya hapo 4 tu! Zile 796 zimeishia kwenye joto, kuchanika kwa mbao na risasi kubondeka. Gogo likishaanza kupanda ndipo utumie nishati: linafika sentimita 20 hivi. Mwanasayansi Mwingereza Benjamin Robins alipima kasi ya risasi namna hii miaka ya 1740, akianzia na gogo lilivyobembea na kurudi nyuma hadi kasi ya risasi.